Nafasi ya Tatu Kando Yako, Dada Yunisi

Mpendwa dada Yunisi,

Nimeolewa. Nataka uisikie habari hii kutoka kwangu mwenyewe, ingawa huko uliko naamini mnajua mambo yetu kabla hatujafungua midomo. Nimeolewa na Yona wako. Bado sijazoea. Asubuhi naamka, naona shati lake limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nacheka peke yangu kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu. Naitwa mke wa fundi Yona. Wakati mwingine nikiwa nafagia najiita hivyo kwa sauti, ili nijisikie.

Najua hunikasirikii. Nakujua. Ila furaha yangu hii ina kitu kimekaa pembeni yake, kimya, kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi na sasa anangoja aulizwe shida yake. Naogopa kwamba Yona anajiandaa kuja kwako, dada. Na mimi bado namtaka hapa.

Unakumbuka nilivyokufahamu? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu ya kusuasua, mama akanitafutia kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti pale barabarani Iguguno. Kutwa nzima nanuka mashudu. Jumamosi moja nikaingia kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya, nikajibanza nyuma kabisa nikidhani hakuna anayeniona. Ukaninyooshea kidole.

"Wewe binti wa mashudu, njoo mbele. Unang'ang'ania sauti ya kwanza na koo lako ni la pili."

Watu wakacheka mpaka mpiga kinanda akaacha kupiga. Ukanisimamisha ubavuni kwako, ukaniimbia sikioni polepole mpaka nikaishika. Tangu siku ile sikuwahi kuimba nikiwa mbali na bega lako. Hata leo, tukisimama kuimba, upande wangu wa kushoto naacha upenyo kidogo. Wenzangu wameshazoea, hawaniulizi.

Na vile ulivyokuwa unatushikia nafasi, jamani. Tukienda kwenye mkutano wa injili Shelui wewe ulikuwa wa kwanza kufika kwenye mabenchi. Ulivua kitenge chako cha juu ukakitandaza benchi zima, kisha ukakaa ukingoni kama askari wa zamu. Yona alikuwa hafiki mapema hata siku moja, kwa sababu alikuwa anasugua sementi kwenye kucha. Na mimi nilikuwa nachelewa kwa sababu ya mashine. Mara moja mama mmoja mnene alikusimamia akiwa na mwavuli mkononi.

"Hapa pana mtu?"

"Pana watu."

"Mbona siwaoni? Au watu wako wanatoka mbinguni?"

"Hapana mama," ukamjibu, "wanakwenda."

Benchi la nyuma lote likaangua kicheko, na yule mama naye akacheka, akaenda kutafuta pengine. Mimi na Yona tukafika tukiwa tunahema, tukakaa kwenye kitenge chako, yeye kulia kwako, mimi kushoto. Nilikuwa na furaha wakati ule bila kujua kwamba ile ndiyo inayoitwa furaha.

Ukaja kuugua. Sitaandika mengi kuhusu miezi ile kwa sababu wewe ndiye uliyeibeba. Nilikuwa nikitoka kazini napita kwako, nakuogesha, nakusuka ile mistari mitatu uliyoipenda kwa sababu haiumizi ukiweka kichwa kwenye mto. Yona alikuwa amekaa miguuni kwako, ameshika nyayo zako mbili kwa mikono yake yenye magaga, kana kwamba akiachia tu utaondoka. Mchana ule wa mwisho ulifumbua macho, ukamtazama ukamwambia kwa ile sauti yako ya kupanga watu kwenye kwaya, "Yona, natangulia. Nitakushikia nafasi."

Ukanigeukia na mimi. "Na wewe binti wa mashudu, usiache kuimba."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyotuachia. Niliyaamini na ninayaamini. Sina hata chembe ya shaka kwamba iko siku tutakuona umekaa ukingoni mwa benchi, umetuwekea nafasi, unatuchungulia kama bado hatujafika. Tumaini hilo ndilo lililotufanya mimi na Yona tuweze kula chakula mwaka ule. Sikujua kwamba tumaini hilohilo nitakuja kuliogopa.

Hukuona alivyolijenga kaburi lako. Mwaka ulipotimia tukakusanyika kusimika msalaba, kama ilivyo desturi, na Yona alikuwa amekataa fundi mwingine yeyote asiguse. Alijenga mwenyewe, akapiga plasta, akapiga niru, lile rojo la sementi tupu, mpaka ikang'aa kama sakafu ya benki. Watu walipofika walikuta kaburi pana, lenye pande mbili na msalaba mmoja katikati. Upande wako jina lako, mwaka uliozaliwa, mwaka uliotutoka. Upande wa pili jina lake, mwaka aliozaliwa, kistari, basi. Baada ya kistari patupu.

Mchungaji alijaribu kuchangamsha watu. "Fundi, nyumba umeimaliza mapema hivi, utahamia lini?"

"Nikiitwa," Yona akasema, bila kucheka.

Nilisimama pale na kapu la maua, nikaona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuona mwanamume akimfanyia mwanamke. Nilitamani na mimi nipendwe hivyo. Mungu alinisikia, dada, na alinisikia barabara.

Maana miaka ilipita, akaja kutupigia plasta nyumba ya mama. Ukuta mmoja tu wa nyuma. Nyumba nzima fundi mzuri anaimaliza wiki moja, lakini Yona ukuta ule aliuchezea mpaka majirani wakaanza kuuliza. Anapiga, anasimama, anaangalia pima maji, anabandua, anapiga tena. Mimi nampelekea maji ya kunywa, anakunywa taratibu kama anaonja dawa. Siku moja mama akatoka na kata yake mkononi.

"Fundi, ukuta huu utaisha kabla Yesu hajarudi?"

Yona akafuta mwiko wake kwenye suruali. "Mama, nikiumaliza nitakuwa sina sababu ya kuja hapa."

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndoo. Kuanzia hapo sikulala usingizi wa kawaida. Alikuwa ananitumia meseji fupi, "umekula", haina hata alama ya kuuliza, na mimi naisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma Kiswahili shuleni. Alinileta kwenye kaburi lako kabla hajaenda kwa wazazi wangu. Alisema hawezi kuposa bila wewe kujua.

Siku ya harusi tulitembea kwa miguu kutoka kanisani hadi nyumbani, kwaya mbele, akina mama nyuma wakipiga vigelegele. Nyumba ile unaijua, huwezi kufika mlangoni bila kupita ulipolala. Tulipokaribia wimbo ukapungua, ukapungua, mpaka ikabaki sauti ya viatu kwenye kokoto. Yona akanishika mkono, akavua kofia.

"Yunisi," akasema, "nimemleta Lidia."

Nikainama na shela langu. "Dada, shikamoo."

Upepo wa Iguguno unaujua, haunaga adabu. Ulikuja kutoka upande wa mashamba, ukanivua shela kichwani, ukalirusha likatua juu ya kaburi, likajisokota kwenye msalaba. Nikavuta, halikutoka. Nikasikia mama mmoja nyuma yangu akisema kwa sauti ndogo, "Ameshikwa." Wifi yetu Agnesi, dada yake mkubwa Yona, ndiye aliyekwenda kulitegua, akakuta limechanika.

"Ni upepo tu. Imbeni, mbona mmenyamaza kama mko msibani?"

Wakaimba. Nilicheka siku ile yote, nikalishwa keki, nikacheza mpaka miguu ikavimba. Lile shela nimelishona, lakini ule uzi hauendani na kitambaa, unaonekana.

Dada, nisikufiche, nina raha. Yona ananibebea madumu ya maji kwenye baiskeli ilhali mikono ninayo. Akirudi kazini hata awe amechoka vipi ananipigia mluzi tangu kwenye ule mwamba mkubwa wa njia panda, nami nausikia nikiwa jikoni, moyo unaruka. Kisimani wenzangu wananisimanga. "Bi harusi, umekuja kuteka maji au kutuonyesha pete?" Nawajibu nimekuja kwa yote mawili. Nikipika mlenda anausifia mpaka naona haya. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kupendwa namna hii kila siku, na kesho yake tena.

Kisha Wifi Agnesi akafanya jambo lake, na alilifanya kwa nia njema kabisa.

Maandishi ya kaburi lako yalikuwa yamefifia. Kumbukumbu yako ilipokaribia, wifi akamtafuta yule kijana anayeandika majina ya maduka na maneno ya kwenye bodaboda, akamwambia akoleze rangi. Yona alikuwa kazini Shelui, mimi nilikuwa shambani navuna alizeti. Hakukuwa na mtu wa kumsimamia. Kijana akakoleza jina lako, akakoleza miaka yako, akahamia upande wa pili. Akakuta jina la Yona, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu patupu. Kwa kazi yake hajawahi kuona kaburi lenye mwaka mmoja. Akadhani mvua imefuta rangi. Na kwa kuwa aliambiwa kwamba kumbukumbu inafanyika mwaka huu, akaandika mwaka huu.

Mimi ndiye niliyeiona kwanza. Nilikuwa nimejitwika furushi, nikalitua palepale. Rangi ilikuwa nyeusi, bado inanata. Jina la mume wangu, alipozaliwa, alipokufa, na tulikuwa hata bado hatujafika katikati ya mwaka wenyewe.

Wifi alilia. "Nilimwambia akoleze tu. Sikumwambia aongeze kitu. Sasa Lidia, mdogo wangu, nifanye nini? Nikwangue?"

"Kwangua wifi, kabla hajarudi."

Tukakwangua kwa kisu cha jikoni. Niru ya Yona huijui wewe, mtu aliipiga kama anapigia milele. Kisu kikakunjika, rangi ikabaki. Tukiwa bado tumepiga magoti ndipo nikasikia mluzi kule kwenye mwamba. Nilikuwa naupenda mluzi ule. Jioni ile nilitamani uwe wa mtu mwingine.

Yona akaja akasimama nyuma yetu. Akasoma. Nilingoja afoke, amtafute yule kijana, avunje kitu. Akacheka kidogo, halafu, dada, uso wake ukatulia. Umeona mtu aliyekuwa stendi tangu alfajiri, basi halieleweki, mara akaambiwa saa ya kuondoka? Ndivyo alivyotulia.

"Yunisi hakuwahi kuwa na subira," akasema. "Nafasi nayo haishikwi milele."

Wifi akamwambia ni makosa ya fundi wa rangi. Yona akasema anajua. Akaingia ndani akaomba maji ya kuoga.

Tangu hapo amekuwa mpole mno. Angekuwa ananuna ningejua la kufanya. Anaimba akioga. Amerudisha kila kifaa alichoazima kijijini, hata ngazi ya marehemu jirani ambayo wenyewe walishaisahau. Alikuja mzee mmoja wa Shelui kutaka amjengee duka mwakani, Yona akamwambia, "Mwakani sitakuwepo mzee wangu, tafuta mwingine," kwa sauti ile ya mtu mwenye safari ya Dodoma. Yule mzee akauliza anahamia wapi. Yona akatabasamu tu.

Na vidonge vya presha ameviacha. Wewe ndiye uliyemzoesha kuvimeza kila asubuhi na uji. Niliviona kwenye kikopo havipungui.

"Mume wangu, mbona vidonge hujavigusa?"

"Vya nini tena, Lidia? Mwaka si umeshaandikwa."

"Ameandika mtu wa bodaboda."

"Mungu anatumia mtu yeyote."

Alinibusu kipaji cha uso, akabeba ndoo yake ya zana. Naye anatoka jasho siku hizi, anashika kizingiti cha mlango kabla ya kuinuka, na nikimuuliza anasema ni jua. Anazidi kunipenda, hilo nalo linanitisha. Ananitazama nikichambua mchicha kama mtu anayekariri.

Nilikwenda kwa Mchungaji. Nilimkuta anamwagilia vitunguu vyake nyuma ya nyumba.

"Shikamoo baba Mchungaji."

"Marahaba binti. Ndoa inasemaje?"

"Ndoa nzuri. Baba, kule mbinguni mimi nitakuwa nani wa Yona?"

Akaweka kopo chini. Akaniambia hilo swali Masadukayo walimuuliza Bwana kwa kejeli, na akawajibu kwamba kule hakuna kuoa wala kuolewa, watu watakuwa kama malaika.

"Malaika wanajuana?"

Alifikiri sana. Nilimheshimu kwa kutonijibu haraka. "Siwezi kukuambia nisichokiona. Ila naamini upendo haupungui kule. Yunisi hatakuwa mwizi wako, na wewe hutakuwa mwizi wake. Lakini hujaja kwa ajili ya hilo tu."

Nikamweleza habari za mwaka ule kaburini, vidonge, na duka la Shelui.

"Shamba ametayarisha?"

"Hata jembe hajalishika."

"Basi nitakuja," akasema. "Mtu anayemngoja Bwana kwa tumaini analima. Akiacha kulima, hapo tuna jambo jingine."

Alikuja. Yona alimpokea vizuri, tukanywa chai, Mchungaji akasema yote niliyotaka yasemwe, na vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Yona alikubali kila neno. "Kweli kabisa Mchungaji. Ni kweli hiyo." Akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kaburi lako. Nilimwona Mchungaji kwa mbali amegeuka anatazama. Afadhali Yona angembishia.

Ndipo nikakasirika, dada. Nikakukasirikia na wewe. Nilitoka jua linawaka, sina hata kitambaa kichwani, nikamsimamia mume wangu kama yule mama wa mwavuli.

"Yona. Dada Yunisi ana nafasi. Wewe una nafasi. Mimi nitakaa wapi?"

Akainua macho kama mtu aliyeamshwa. "Hukuwahi kuniambia kwamba unataka."

"Nakuambia sasa."

Nilimaanisha abaki. Nilimaanisha amenioa juzi, shela langu lina uzi mpya, nataka kuzeeka naye na kumkera. Lakini mume wetu ni fundi, unamjua, ukimwambia shida anaisikia kwa mikono. Asubuhi yake nikaona kamba na vigingi. Amepima ubavuni mwa lile kaburi, amevuta kamba, anachimba msingi. Nilidhani ananijengea jiko la nje nililokuwa namsumbua. Nikatoka kumpelekea uji, nikaona kipimo chake. Urefu wa mtu, upana wa mtu.

Alijenga kwa furaha. Alichagua mchanga mwenyewe mtoni, akauchekecha mara mbili. Alipomaliza kupiga niru akachukua msumari, akaandika kwa mwandiko wake ule wa herufi kubwa. LIDIA. Mwaka niliozaliwa. Kistari.

"Sasa tuko watatu," akaniambia, na uso wake uling'aa kama siku ya harusi. "Mimi nitalala katikati. Hakuna atakayekosa nafasi."

Nikacheka. Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe utaelewa, nilifurahi. Hakuna mwanamke Iguguno aliyewahi kupewa zawadi ya namna ile. Niliona asubuhi ile ya ufufuo, sisi watatu tunapangusa mchanga, wewe unatupanga sauti kabla hata hatujasimama sawasawa. Niliona hivyo kwa macho yangu. Kisha nikanyoosha kidole nikagusa pale baada ya kistari, pale patupu pangu. Palikuwa pa baridi.

"Usiguse," Yona akasema, "hapajakauka."

Alama ya kidole changu imebaki. Ilikauka nayo.

Habari zilifika kisimani kabla yangu. "Wenzio wanajengewa jiko, wewe unajengewa kaburi. Fundi anakupenda kweli." Mmoja hakucheka. Alinishika mkono akaniambia niende kwetu kwanza, nirudi kwa mume wangu mwaka ukishageuka. Nilimwambia mtu hamkimbii mumewe. Lakini nilirudi nyumbani ndoo ikiwa nusu.

Nililala nikiliwaza hilo. Nilipoamka nilikuwa nimeshajua nitakachomwambia. Nilimwekea uji, nikaweka kikopo cha vidonge kando ya bakuli.

"Nafasi yangu nimeipokea," nikamwambia. "Asante mume wangu. Nitalala hapo siku yangu ikifika. Lakini na wewe unipe kitu. Kile walichokiandika, ukifunike kwa mkono wako mwenyewe. Na hivi vidonge umeze, mpaka viishe, twende zahanati tukachukue vingine."

"Lidia, mtu anaitwa."

"Sijasema usiitike. Nimesema meza."

Akanitazama sana. Nadhani alikuona wewe, maana nilikuwa nimeiga ile sauti yako ya kwaya, na niliiga makusudi. Akameza. Alasiri akachanganya chokaa, akapaka pale mara tatu, nyeupe kabisa. Nilikaa karibu yake nikimshikia ndoo. Alipomaliza akasafisha brashi, akaniambia kwa upole, "Nimefunika kama ulivyotaka. Ila kufunika si kufuta."

Nilikubali hivyohivyo. Alizungumza na yule mzee wa Shelui tena, akamwambia atafikiri. Akalima kipande kidogo cha shamba, kidogo tu, upande ule unaoonekana kutoka kaburini. Vidonge anameza nikimtazama. Nisipomtazama sijui.

Basi ndiyo maana ya barua hii, dada Yunisi. Sikuombi umwachie. Ulimpenda kabla yangu na ulimfundisha kupendwa, mimi nakula matunda ya shamba ulilolima wewe. Siku atakapokuja nitakubali umkimbilie kwanza, mkumbatiane, mlie, mcheke, mimi nitangoja pembeni na nitafurahi kuwaona. Nimeshalifikiria hilo na moyo wangu umetulia. Nakuomba jambo moja tu. Mshikie nafasi, lakini usimwite. Akija mwenyewe kabla ya wakati, mwambie pamejaa. Wewe unajua kumfukuza mtu kwenye benchi.

Maana mwaka haujaisha. Mawingu yamekuwa yakijikusanya tangu asubuhi upande wa Shelui, na nimeandika haya nikiwa nimekaa mlangoni ili nipate mwanga. Sasa mvua imeanza, ile ya kwanza, matone makubwa yanayorusha vumbi. Kuna jambo la chokaa sikulijua, mafundi ndio wanaolijua. Ikilowa inakuwa kama kioo. Naiona kutoka hapa nilipo. Ule weupe unayeyuka machoni pangu, na nyuma yake namba nyeusi zinatokea moja baada ya nyingine, zimetimia, kama hazijawahi kuguswa. Jua likiwaka zitapotea tena, najua. Lakini mvua ndiyo kwanza inaanza.

Yona amesimama nje, hajakimbilia barazani kama watu wengine. Shati limemgandia mgongoni. Anazitazama. Nimemwita mara moja, hakusikia, au amesikia. Sasa ameinua mkono wake wa kulia, taratibu, kama mtu anayemjibu mwenzake aliyemwona ng'ambo ya umati.

Naacha kalamu hapa. Naenda kuushika ule mkono.

Ubaki salama katika Bwana, dada yangu, na unisamehe kwa kukukatisha.

Ni mimi mdogo wako,
mke wa mume wako.